Nimeletewa oolong toka China, nimeichemsha imekuwa ukakasi mtupu, inatengenezwaje?

bintikigamboni

Habari zenu wapendwa. Kaka yangu alikuwa Guangzhou kufuata mzigo, amerudi juzi kaniletea maboksi mawili ya chai, alipewa zawadi na mtu anayemuuzia vitambaa. Boksi la kwanza lina vipakiti vidogo vidogo vimevutwa hewa mpaka vigumu kama jiwe, ukifungua unakuta majani yamejiviringa mviringo mviringo, makubwa kuliko choroko, kijani iliyokolea. Boksi la pili majani yake marefu meusi yamesokotwa, yananukia kama kitu kilichopitishwa kwenye makaa. Nimeelekezea simu maandishi ikanitafsiria, la kwanza inasema "Guanyin wa Chuma" na la pili "Joho Kubwa Jekundu", na yote mawili chini yameandikwa oolong.

Sasa mwenzenu nikafanya kama chai ya kila siku, sufuria, maji nusu lita, pakiti moja nzima ya ile ya kijani, iliki mbili, nikaacha ichemke kama dakika kumi hivi maana niliona rangi haikolei. Jamani. Rangi njano tu lakini mdomoni ukakasi kama bibo ambalo halijaiva, ulimi umekauka, mama akaongeza sukari vijiko vitatu ikawa ukakasi wenye sukari. Tukaimwaga. Kinachoniuma ni kwamba nilivyofungua kile kipakiti harufu iliyotoka ilikuwa nzuri mno, kama maua yanayofunguka jioni, nikajua majani hayana kosa ila namna yangu ndo sio.

Nimebaki na vipakiti kumi na tisa vya kijani na vile vyeusi sijavigusa. Sina vyombo vya kichina, nina birika la umeme, chujio, vikombe vya kawaida, na vile vikombe vidogo vya kahawa vya marehemu babu, sita. Maji yetu ni ya kisima yana chumvi kwa mbali, sijui kama na hilo linahusika. Anayejua anielekeze hatua kwa hatua, na kitu kingine, nikishaitengeneza vizuri natakiwa nisikie ladha gani? Maana nisije nikawa nimepatia nikadhani nimekosea.

xiamen_kwetu

Dada pole, ila usiigawe hiyo chai kwa mtu, una kitu kizuri hapo. Mimi nimesoma Xiamen, mkoa wa Fujian, miaka minne, na toka Xiamen mpaka Anxi ni mwendo mfupi tu wa gari, na Anxi ndo kwao na Tieguanyin, hiyo ya boksi lako la kwanza. Mwenye nyumba wetu alikuwa na meza ya chai pale chini karibu na ngazi, ukipita asubuhi anakuita, ukirudi jioni anakuita, kwa hiyo haya nayokueleza nimeyapatia kwenye kile kigoda chake, sio darasani.

Kwanza uelewe kwa nini chai yetu tunachemsha na hii hapana. Majani tunayonunua dukani huku mengi yamepita kwenye mashine inayoyaponda, inayachana na kuyaviringa mpaka yanakuwa punje ndogo, kwa hiyo kila kitu kilichomo kinatoka kwa dakika moja mbili, na yametengenezwa hivyo makusudi yaweze kushindana na maziwa na sukari. Oolong jani linaachwa zima. Hata kuchuma ni tofauti, huku mchumaji wa Mufindi anachukua kichipukizi na majani mawili machanga, wale wanasubiri kichipukizi kifunguke, wanachuma na kijiti chake, majani matatu manne yaliyokomaa kidogo. Yanaanikwa juani yalegee, yanaingizwa ndani, yanatikiswa kwenye nyungo za mianzi, yanapumzika, yanatikiswa tena, hivyo hivyo usiku unaingia, zile kingo za jani zinachubuka zinaanza kuwa nyekundu wakati katikati bado kijani, ni kitu kile kile kinachotokea ukikata tufaa ukaliacha mezani. Mtengenezaji kazi yake ni kunusa. Harufu ikifika anapopataka anayatia kwenye kikaango cha moto mkali, mabadiliko yanasimama hapo hapo. Basi chai ya kijani haikuruhusiwa kubadilika, chai nyeusi imeachwa mpaka mwisho, na oolong imesimamishwa njiani, na kila sehemu inasimamisha pake. Mti ni ule ule mmoja.

Kwa hiyo ukiichemsha dakika kumi unalitoa jani vitu vyote kwa mkupuo, na ukakasi ndo unaotawala. Unatakiwa ulibembeleze. Kanuni ni majani mengi, maji machache, muda mfupi, na unarudia rudia majani yale yale hata mara saba.

Vipakiti vya Tieguanyin vingi ni gramu saba au nane, wamekupimia tayari. Chombo chao kinaitwa gaiwani, ni kikombe kisicho na mkono, kina kifuniko na kisahani, kinaingia maji kama mililita 110. Wewe katika vile vikombe vyako vya kawaida chukua cha kauri kilicho kidogo kuliko vyote na kisahani cha kukifunika juu, vinatosha kabisa. Pima maji kwa hivyo vikombe vya babu, vikiwa vile vya kawaida vya barazani viwili mpaka vitatu vinafika mililita 110.

Chemsha maji. Mimina kwenye hicho kikombe cha kauri kikiwa kitupu kipate moto, mwaga. Sasa tia majani makavu kwenye kikombe chenye moto, funika, tikisa mara mbili tatu, funua kidogo unuse. Usiruke hapo, hiyo harufu ya jani kavu kwenye kauri ya moto ni nusu ya raha yote na haigharimu hata tone la chai. Kisha mimina maji ya moto, hesabu tano, mwaga yote, hayo ni ya kuliamsha jani maana limeviringwa sana linahitaji kulegea. Mimina tena, funika, hesabu mpaka ishirini, mimina YOTE kupitia chujio kwenye jagi dogo au chochote, usibakize maji juu ya majani hata kidogo kwa sababu yanaendelea kukamua huku wewe unapiga story. Gawa kwenye vikombe vya babu. Mara ya pili hesabu kumi na tano tu maana jani limeshafunguka, ya tatu ishirini, ya nne thelathini, kuanzia hapo unaongeza ongeza mpaka utakapoona imekuwa maji matupu.

Kuhusu ladha. Vuta kwa sauti, yaani ile tuliyokatazwa na wazazi mezani, chai iingie na hewa, ndo pua inapata kazi. Tofautisha vitu vitatu: uchungu unaukuta kwenye ulimi, ukakasi unaukuta kwenye fizi na mashavu, na kuna kitu cha tatu ambacho wao wana neno lake kabisa, ni utamu unaorudi kooni ukishameza. Chai haina sukari, unameza, unakaa kimya sekunde kadhaa, koo linakuwa tamu. Ukiusikia huo ujue umepatia. Uchungu kidogo unaoondoka haraka ukaacha utamu sio kosa. Ukakasi unaobaki ndo kosa, punguza sekunde.

kontena40

Mkuu hapo juu kamaliza kwenye Tieguanyin, mimi niongezee upande wa mkoa wa Guangdong maana nimekaa Guangzhou pale Xiaobei miaka sita na biashara yangu ya vipuri. Mteja wangu mmoja ni mtu wa Chaozhou, hao ndo wenye chai nyingine ya oolong inaitwa Dancong, inatoka mlima Fenghuang. Ukienda ofisini kwake huzungumzi bei mpaka kwanza unywe. Vikombe ni vitatu tu hata mkiwa watu watano, mnapokezana, kinasuuzwa na maji ya moto kinaenda kwa mwingine. Anavyomimina hajazi kimoja kimoja, vikombe vinakaa vimegusana anazunguka juu yake bila kusimama, alafu matone ya mwisho anayagawa moja moja kila kikombe ili asiwepo aliyepata nzito na mwingine nyepesi. Na wewe ukimiminiwa unagonga meza na vidole viwili polepole, ndo asante yenyewe, huna haja ya kukatiza maongezi.

Zile chai zao wanaziita kwa harufu. Kuna ya okidi na asali, kuna ya mdalasini, na kuna moja maarufu sana jina lake maana yake ni harufu ya kinyesi cha bata. Mimi niliogopa kuinywa. Wenyewe wanasimulia kwamba mwenye mti alitoa jina baya makusudi majirani wasije wakaiba vikonyo. Nilivyoinusa ni maua matupu, kama asumini imechanganyika na maziwa ya moto. Ila hiyo Dancong dada ukiipata uwe makini, ina ukakasi wa karibu sana, unamimina maji unatoa hapo hapo, sekunde tano tu, ukichelewa umeiharibu.

Mkipita Guangzhou nendeni soko la chai la Fangcun, mitaa mizima ni chai tu, unakaa unaonjeshwa bure kabla hujanunua. Msinunue ya kwenye maduka ya uwanja wa ndege.

fundi_wa_Temeke

hii si ndo ile wanauza ya kupunguza tumbo?

xiamen_kwetu

Hapana kaka, yaani ni majani hayo hayo ila hayo maneno ni ya wauzaji. Hii ni chai, ina kafeini kama chai nyingine, inywe kwa sababu ni tamu. Na usiinywe na tumbo tupu hasa kwa mtindo huu wa majani mengi, utasikia kizunguzungu na njaa kali na moyo kwenda mbio, Wachina wanaita kulewa chai. Kula kitu kwanza, hata kipande cha muhogo.

mtu_wa_Limuru

Habari dadangu. Mimi niko Kenya, nimezaliwa kwa mashamba ya chai, mamangu amechuna majani miaka mingi sana na huku Limuru ndiko chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903, kwa hivyo hii mambo iko karibu na roho yangu. Nataka kuongea juu ya maji kwa sababu naona wenzangu wameipita na wewe umeuliza.

Maji ndiyo chai. Maji ya chumvi yanafanya oolong inyamaze, ile harufu uliyosikia kwa pakiti hutaisikia kwa kikombe, na ladha inakuwa bapa. Jaribu mara moja tu na maji ya chupa, yale yasiyo na madini mengi, lita moja inakutosha kwa kipakiti kimoja chote na inabaki. Ama kinga maji ya mvua safi, yale ya mvua kubwa baada ya paa kuoshwa, chuja, chemsha. Alafu weka kikombe kimoja cha maji ya kisima na kimoja cha maji ya mvua upande kwa upande, majani sawa, sekunde sawa. Utashangaa. Mimi nilifanya hivyo na maji ya bomba ya nyumbani na ya mvua na tangu siku hiyo nina mtungi wa mvua wa chai peke yake.

Jambo la pili ni moto. Watu wanasoma kwa mtandao kwamba oolong inataka maji ya digrii 95 mpaka 100, wanaanza kutafuta vipimajoto. Wewe uko pwani, birika likichemka hiyo ni 100 kamili. Sisi Nairobi tuko juu zaidi ya mita 1,600 hivi na maji yanachemka kwa karibu 94, huku Limuru yanachemka hata chini ya hapo, hata ukiacha jiko usiku kucha hayapandi. Kwa hivyo kwako, kwa ile ya kijani, zima birika, fungua kifuniko, subiri dakika moja ndiyo umimine. Kwa ile nyeusi usisubiri hata kidogo, inataka maji yanayotokota. Mimi huku kwa ile nyeusi napasha vyombo moto mara mbili na bado naongeza sekunde kumi juu ya zenu.

Na mjue kuna viwanda vichache huku kwetu vinatengeneza chai ya majani mazima, njia ya othodoksi, wengine wamejaribu mpaka oolong. Nimeonja moja, ilikuwa na kitu kama ganda la chungwa lililokaushwa. Mamangu alikunywa akaniuliza, haya ndiyo majani yetu? Alikuwa amechuna hayo majani maisha yake yote na hakuwahi kuyaonja hivyo. Hiyo swali bado inanikaa.

Mwanaisha_Ng'ambo

Asalaam aleikum. Mie nina suali, bibie kasema katia iliki, na humu naona hakuna aliyemjibu. Jee viungo havifai kabisa? Kwetu Unguja chai bila ya kiungo ni kama ya mgonjwa.

xiamen_kwetu

Waaleikum salaam dada. Sio kwamba ni haramu, ni kwamba iliki ina sauti kubwa, ukiitia hutaisikia oolong kabisa. Mara ya kwanza inywe peke yake umjue mgeni. Na wala wazo lako la kutia harufu kwenye chai sio geni kwao, Fuzhou, huko huko Fujian, wanalaza majani ya chai na maua ya asumini usiku, asubuhi wanayatoa maua, usiku mwingine wanaweka mapya, mpaka jani limenyonya harufu yote. Ndo chai ya asumini hiyo.

Na hilo ndo linanikumbusha kitu muhimu, jani la chai linanyonya harufu yoyote iliyo jirani. Usiliweke kabati moja na karafuu, mdalasini, bizari wala sabuni. Dada bintikigamboni hiyo ya kijani ihifadhi kwenye friji ikiwa bado kwenye vipakiti vyake, joto la pwani linaizeesha upesi, ila ukitoa acha kwanza irudi joto la chumba kabla hujafungua, la sivyo unyevu utaganda kwenye majani. Ile nyeusi kabatini panatosha, pakavu na giza.

nesi_wa_Muscat

Jamani kwa sie wa zamu hizo habari za kuhesabu sekunde haziwezekani. Mie niko Oman, wodini wenzangu wote ni karak, ile chai ya maziwa, mie natia punje saba nane hivi za oolong kwenye chupa ya kioo, maji ya moto, naacha, nakunywa juu juu majani yanazama chini, ikifika nusu naongeza maji, inanifikisha asubuhi. Punje chache ndo siri, ukitia nyingi inakuwa kama ya dada hapo juu. Haina harufu nyingi kama ya gaiwani ila inakunywika na haichachamai.

kahawachungu

Mimi napinga kidogo hii ya kusema haichemshwi kabisa. Ile nyeusi ya kuchomwa, ukishaitoa mara saba nane na imekuwa nyepesi, tia majani yale kwenye kisufuria maji vikombe viwili, chemsha polepole dakika tano. Inatoa kitu kingine kabisa, kitamu, kama maji ya mahindi ya kuchemsha. Ukakasi wote ulishatoka kwenye zile za mwanzo kwa hiyo hauna pa kutokea.

xiamen_kwetu

Hapo uko sahihi kabisa na nilisahau, mwenye nyumba wetu alikuwa anafanya hivyo wakati wa baridi. Ila ni kwa ile ya kuchomwa, ya kijani ukiichemsha inanuka mboga.

Na kwa hiyo nyeusi, dada, Da Hong Pao inatoka Wuyishan kaskazini mwa Fujian, chai inaota kwenye mianya ya majabali, wenyewe wanaiita chai ya miamba. Kuna miti michache ya zamani kabisa kwenye ukuta wa jabali ambayo ndo mama wa jina hilo, hiyo haichumwi tena tangu mwaka 2006, kwa hiyo mtu akikwambia chai yake imetoka kwenye miti ile mkimbie. Zinazouzwa zinatokana na vikonyo vyake au ni mchanganyiko wa aina za pale pale Wuyi, na zikichanganywa na mtu anayejua ni nzuri sana. Imechomwa kwa makaa taratibu saa nyingi. Maji yanayotokota, gramu hizo hizo, hesabu kumi tu mara ya kwanza. Usitafute maua humo, tafuta karanga za kukaanga, ganda la mti, na harufu ya jiwe la moto lililonyeshewa mvua.

bintikigamboni

Wapendwa nimerudi na majibu, samahani ni ndefu.

Jana jioni nimenunua maji ya chupa, nimemkalisha mama, nimeosha vikombe vya babu kwa maji ya moto matupu bila sabuni. Tumekula kwanza. Nimetia majani kwenye kikombe cha moto nikafunika nikatikisa, nilivyofunua mama akaniambia kimbia kanifungie dirisha, hakutaka ile harufu itoke nje. Kwake yeye ilikuwa jani la mgomba likibabuliwa motoni kabla hujafungia mkate wa kumimina... akajisahihisha, hapana, kabla hujafungia samaki. Mimi nilisikia maua, kama kilua lakini kwa mbali.

Ya kuamsha nikamwaga. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, tukatazamana, nikaogopa. Ya pili ndo ilikuja, rangi ya njano ya kijani kama maji ya dafu yaliyokaa, nzito mdomoni, inateleza kama siagi japo hamna siagi, na harufu inapanda mpaka machoni. Nikameza nikakaa kimya kama ulivyosema xiamen_kwetu, nikahesabu moyoni, ilipofika kama sita hivi koo likawa tamu. Mama alikuwa ananiangalia akasema na mimi, na mimi. Hakuomba sukari.

Ya tatu tulizungumza nikapitiliza, nafikiri ilifika sekunde hamsini, ukakasi ukarudi kwenye fizi, nikaelewa sasa mnachosema, nilikuwa nauita uchungu kumbe ni vitu viwili tofauti. Ya nne nikarudi thelathini ikatulia. Ya tano na ya sita harufu ya maua imepungua ikaja kitu kama mua. Ya saba maji.

Alafu nikafanya jaribio la mtu_wa_Limuru, kipakiti kingine nikagawa nusu kwa nusu kwenye vikombe viwili, kimoja maji ya chupa kingine ya kisima. Ya kisima rangi ilikuwa chafu kidogo, juu kuna utando mwembamba, na harufu hamna, kabisa, kama umeziba pua. Majani yale yale. Nimeweka ndoo chini ya mchirizi wa paa, tunasubiri mvua.

Majani nimeyatandaza kwenye sahani leo asubuhi. Kila ile punje ilikuwa majani matatu na kijiti chake, mazima, makubwa kama majani ya mchicha, mengine ukingoni yana wekundu mwembamba kama yamechorwa kwa wino. Mama kayapiga picha kawatumia wadogo zake Muheza.

Swali moja limebaki, jana usiku tulichelewa kulala wote wawili, ni hiyo chai?

xiamen_kwetu

Ndo yenyewe. Mwisho saa kumi jioni. Na ile nyeusi mfungulie mama asubuhi baada ya chapati, usichelewe kumimina.

mtu_wa_Limuru

Dadangu, hiyo ya mama kufunga dirisha nimemsomea mamangu. Ameuliza mko wapi hasa, anataka kujua mvua ya huko huanza lini.